Wenye Jina Moja Wabaki

Mashine ilimtoa Talitha siku ya Jumanne, mbele ya macho yangu, na mashine yenyewe ilikuwa yangu.

Nina kibanda cha kuchapisha karibu na stesheni ya treni, hapa Kamina. Watu huja kuandikisha barua, kutoa fotokopi, kuchaji simu. Juu ya bati nimefunga paneli za jua, kwa sababu anayengoja umeme wa mji atangoja mpaka azeeke. Jina langu ni Jenny Lukusa. Naimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia na nina mdomo. Hilo nalisema mapema, asije mtu akadai hakuonywa.

Talitha alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta, bila kompyuta. Hilo ni jambo la kawaida kwetu, wala msicheke. Alikuwa akija kwangu saa ambazo hakuna wateja, akakaa kwenye mashine yangu, na mimi nikapata mtu wa kunirekebishia printa inapokataa kumeza karatasi. Jumanne ile alibonyeza kitufe, na orodha ya wanakwaya iliyokuwa shaghalabaghala ikajipanga yenyewe kwa alfabeti, safi kabisa. Nikampigia makofi. Yeye hakucheka. Alikuwa akipitisha kidole kwenye kioo, akishuka nacho, akipanda nacho.

“Ya Jenny,” akasema, “minyi niko wapi?”

Kwa Kiswahili cha huku, ya ni dada na minyi ni mimi. Nikainama kuangalia. Kabange alikuwepo mmoja tu, Kabange Célestin, yule wa sauti ya besi anayeleta samaki kwa baiskeli kutoka njia ya Malemba-Nkulu. Talitha, ambaye jina lake lote ni Kabange Ngoy Talitha, hakuwepo. Kabange wengine wa kwaya nao hawakuwepo. Kyungu alibaki mmoja, Kalenga mmoja, Ngoy mmoja. Programu aliyoiandika kwa vidole vyake mwenyewe ilikuwa imewala watu, na yeye akiwa miongoni mwao.

“Pengine ulisahau kujiandika,” nikamwambia.

Akanikata jicho. Mimi namjua Talitha tangu mdogo, na kama kuna mtu Kamina hii asiyeweza kujisahau, ni yeye.

Lazima nieleze kidogo habari za majina. Mapacha wakizaliwa katika nyumba ya Waluba wa huku, wa kwanza anaitwa Kyungu na wa pili anaitwa Kabange, wawe wa kiume au wa kike. Hakuna anayeuliza kama jina linapendeza. Hata mama yao anapoteza jina lake siku hiyo hiyo, anakuwa Mama Mapasa mpaka kaburini. Kwa hiyo ukisimama sokoni ukaita Kabange, nusu ya wauza samaki watageuka, na nusu nyingine watakuuliza unamtaka yupi. Tena wako wanaopewa jina la babu au bibi, nao hulibeba lote, la ukoo na la ubatizo, bila kuacha hata herufi. Mtu wa kwetu haoni ajabu kuitwa kama mwingine. Anaona ajabu akiambiwa kwamba kwa sababu hiyo yeye hayupo.

Talitha alikuwa wa pili tangu tumboni. Kaka yake Kyungu alipata viatu vipya, yeye akapata vile vilivyokwisha kumbana Kyungu. Kyungu alianza shule, yeye akaambiwa angoje mwaka upite. Alipoanza, darasani akakuta Kabange mwingine, na mwalimu, ili asisumbuke, akawaita Kabange un na Kabange deux, yaani wa kwanza na wa pili. Kila asubuhi mwalimu aliita “Kabange deux!” na kila asubuhi darasa likanyamaza. Akampigisha magoti kwenye mchanga. Akamuuliza kwa nini haitiki, na yule mtoto akamjibu, “Minyi siko deux. Minyi niko Talitha.” Akapigishwa magoti tena kesho yake, na kesho kutwa, na kuendelea. Mwishowe aliyechoka ni mwalimu.

Basi huyo ndiye mtu ambaye mashine ilimtoa.

Na haikuwa mchezo. Ile programu ilikuwa mtihani wake wa mwisho. Baba yake, mzee wa reli aliyestaafu, alikuwa amemwambia kwamba mwaka huu ndio mwisho wa kumsomesha: akifaulu atachukua diploma, akirudishwa atapelekwa Kabondo-Dianda kwa shangazi yake, akashike jembe. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayefunga mlango jioni. Na wale wanaoijua barabara ya Kabondo-Dianda wanajua kwamba mtu akipelekwa huko, kurudi si jambo la wiki.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mwalimu wao wa algoriti, Assistant Ruffin Nyembo, huja kutoka Lubumbashi kwa treni, hufundisha mfululizo, kisha hupanda treni kurudi. Alikuwa ameandika ubaoni pseudo-code, yaani programu iliyoandikwa kwa maneno ya watu kabla haijageuzwa kuwa maneno ya mashine. Kila mwanafunzi aigeuze mwenyewe, bila kutumia njia ya kupanga ambayo mashine inayo tayari, na Ijumaa aiendeshe mbele yake. Anayetaka atumie namba za Assistant. Anayetaka alete vitu vyake vya kupanga. Wenzake wote walichukua namba. Talitha alichukua kwaya. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, “Manombre hainijue, yaya.” Yaani namba hazimjui.

Maneno ya ubaoni mtu yeyote angeyaelewa. Chukua jina la kwanza katika orodha, lisimamishe kama nguzo; nguzo hiyo wanaiita pivo. Majina yanayotangulia pivo kwa alfabeti yaende kushoto. Majina yanayofuata pivo yaende kulia. Halafu kila upande ufanyiwe yale yale: pivo, kushoto, kulia. Programu inajiita yenyewe, na ndani ya kujiita inajiita tena, mpaka upande ubaki na jina moja au usiwe na kitu. Mwisho unganisha: wa kushoto, pivo, wa kulia. Talitha alikuwa ameyanakili neno kwa neno. Hakukosea hata nukta, na bado watu walikuwa wamepotea.

Jumatano Assistant mwenyewe alikuja kibandani kwangu kuchapisha karatasi zake. Talitha hakumpa hata nafasi ya kuketi, akamgeuzia kioo. Assistant akavaa miwani, akasoma kutoka juu mpaka chini.

“C'est bien trié,” akasema, yaani imepangwa vizuri. “Bravo.”

“Assistant, kuko bantu bamepotea.”

“Bantu gani?”

“Bale benye jina moya. Kabange amebakia moya tu.”

“Ah, doublons! Majina yenye kuandikwa mara mbili. Ile iko bien, quand même. Programme inasafisha liste.”

“Haiko doublon, Assistant. Ile njo minyi.”

Mimi nilijifanya natafuta karatasi chini ya meza. Assistant akavua miwani, akamtazama. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyekula ugali baridi, bukari ya nyumba ya wageni, kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

“Bon. Tia na postnom,” akasema. “Majina itakuwa tofauti, bantu yako batarudia.”

Talitha akaiambia programu, iliyokuwa ikilinganisha jina la kwanza tu, ilinganishe na majina ya pili na ya ubatizo, akabonyeza. Kabange wakarudi wote, hata yeye. Nikaanza kushangilia. Lakini kidole chake kilikuwa tayari kimesimama penginepo. Katika kwaya yetu kuna Kyabu Monga Albertine, bibi anayeimba tangu kanisa halijapakwa rangi, na kuna mjukuu wake aliyepewa jina lake lote, Kyabu Monga Albertine. Kwenye orodha iliyoingia walikuwa wawili. Kwenye orodha iliyotoka alikuwa mmoja.

“Ile sasa njo vrai doublon,” Assistant akasema. “Nom moya, postnom moya, prénom moya. Ni muntu moya, balimuandika mara mbili. Ondosha.”

“Ni nkambo na mujukulu yake. Bote banaimba.”

“Basi tia numéro. Kyabu un, Kyabu deux.”

Nikafumba macho. Kati ya maneno yote ya dunia, ameyachagua hayo!

“Sitatia muntu numéro,” Talitha akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Assistant akakusanya karatasi zake polepole. “Mademoiselle, unisikie. Vendredi, pa examen, nitahesabu benye kuingia na benye kutoka. Hesabu isipokuwa moya, iko zéro. Machine ikikwama, iko zéro. Ukitaka, kamata manombre yangu sawa benzako, ulale na roho safi.”

“Bantu yangu batatoka bote.”

“Tutaona,” akasema Assistant, akaenda zake.

Alipofika mbali nikafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguka haufungiki kwa urahisi. Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia namba hazina bibi wala mjukuu, hazikasiriki zikipangwa, na ziko pale bure zinamngoja. Nikamkumbusha jembe la Kabondo-Dianda. Yeye alikuwa ameshanipa mgongo, anaandika. Alibadilisha mahali pamoja tu: pale palipoandikwa kwamba wanaotangulia pivo waende kushoto, akaongeza kwamba wanaolingana na pivo nao waende kushoto. Kwa akili yangu mimi, tatizo limekwisha. Akabonyeza.

Mashine ikanyamaza. Feni yake ikaanza kuvuma kama mtu anayepanda mlima na gunia la mihogo. Halafu kioo kikajaa maandishi mekundu: programu imejiita, ikajiita, ikajiita, mpaka mashine ikakataa kuendelea. Awali watu walikuwa wanapotea. Sasa hakuna hata mmoja aliyefika.

“Umeona?” nikasema. “Kamata manombre.”

“Ya Jenny,” akasema bila kugeuka, “kama weye njo ulipotea, ungesema bakamate manombre?”

Hapo alinikumbusha baba yangu bila kujua. Mwaka ule sisi Wakasai, watu wa asili ya Kasai, tulipofukuzwa mkoa huu turudi tulikotoka, baba alilala na mizigo yake hapo stesheni, ng'ambo tu ya kibanda changu cha leo, pamoja na umati uliokuwa ukingoja behewa. Mtu mmoja mwenye karatasi alikuwa akiita majina. Aliita “Lukusa!” na Lukusa mwingine, ambaye hatukuwa hata na undugu naye, akapanda na watu wake. Baba alipofika mbele akaambiwa, “Lukusa amesha panda.” Alijieleza, alilia, alionyesha kitambulisho. Treni ikaondoka. Jirani Mluba akamficha mpaka mambo yakapoa. Nimezaliwa na kukulia Kamina kwa sababu mtu mmoja aliamini kwamba jina moja ni mtu mmoja. Siilaumu Kamina, naipenda. Lakini yule mtu wa karatasi sijamsamehe, na baba alikufa hajamsamehe.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu na Talitha. “Sawa,” nikamwambia. “Tutabatoa bote. Tunafanya namna gani?”

“Machine inaenda mbio sana, sioni mwenye inamuangusha pa fasi gani,” akasema. “Kesho ku répétition, njo minyi nitakuwa machine.”

Alhamisi alasiri, mkuu wa kwaya, Basile Monga, alikuwa amepanga tufanye mazoezi ya nyimbo za Jumapili. Alikuta kwaya yake nzima imesimama mstari mmoja nyuma ya kanisa, shaghalabaghala, kama ilivyoandikwa kwenye orodha. Kushoto kwetu ukuta wa ofisi ya padri, kulia kwetu pampu ya maji na kivuli chake. Talitha alisimama mbele ameshika karatasi. Basile alitaka kufoka. Nikamwambia akae kwenye mstari kama wenzake, na akakaa.

“Musikilize,” Talitha akasema. “Leo minyi sina akili. Nitasoma tu yenye iko pa karatasi. Banyi mutafanya tu yenye nitasoma.”

Tulipangwa kwa jina la kwanza tu, kama Jumanne, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Célestin. Basi Célestin akawa pivo, akasimama katikati ya uwanja na tumbo lake. Talitha akasoma: wanaotangulia pivo, kushoto. Banza akaenda ukutani, Ilunga akaenda ukutani. Akasoma: wanaofuata pivo, kulia. Tukaenda kwenye pampu akina Kalenga, akina Kyabu, akina Kyungu, mimi Lukusa, Basile Monga na wengineo, na kivuli kikawa chetu. Tulipogeuka kutazama, katikati ya uwanja, juani, pamoja na Célestin walikuwa wamebaki Kabange wengine wote. Hakuna aliyewaambia waende popote.

“Na siye?” akauliza Kabange Laetitia, mama wa sauti ya kwanza.

Talitha akasoma karatasi tena. Akaigeuza nyuma, kana kwamba mstari wao umejificha huko.

“Banyi hamuko,” akasema.

“Hatuko namna gani? Si tunasimama hapa?”

“Pa karatasi hakuna mustari yenu. Ya kushoto iko, ya kulia iko, ya pivo iko. Ya kuwa sawa na pivo, haiko.”

“Alors tuende ku nyumba?”

Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu kila mtu mwenye wa jina lake pale uwanjani alikuwa amejiona katika lile jua. Nami nilijiona. Ndivyo hasa ilivyokuwa: aliyeandika ile pseudo-code hakuwafukuza. Alikuwa hajawafikiria tu, na kwa mtu anayeachwa stesheni hiyo si tofauti kubwa.

“Sasa ya pili,” Talitha akasema. Uso wake ulikuwa umewaka. “Benye kuwa sawa na pivo, nao baende kushoto. Na pivo anaenda nabo.”

Célestin, kwa kuwa naye analingana na pivo, akaongoza Kabange wake ukutani, wakasimama mstari mmoja na Banza na Ilunga, yeye mbele kama mwanzo. Wa kwanza nani? Célestin. Basi yeye ndiye pivo tena. Wanaomtangulia au wanaolingana naye ni nani? Wote. Waende wapi? Kushoto. Wakasogea kushoto. Wa kwanza nani? Célestin. Wote, kushoto! Wakasogea tena. Banza akaanza kukwaruza ukuta kwa bega. Kundi lilikuwa lile lile, halipungui, halipangiki, linasogea tu, na Talitha anasoma tu, bila huruma, kama mashine yangu. Sisi wa kivulini tulikuwa tumeshika mbavu.

“Kushoto!” Talitha akasoma kwa mara nyingine.

“Nakataa!” Célestin akanguruma. Shati lake lilikuwa limelowa. “Minyi nimesha fika! Minyi niko Kabange, unanituma niende kutafuta Kabange! Sitatembea tena!” Akatoka kwenye mstari, akarudi katikati ya uwanja, akakunja mikono. “Na benye kuwa sawa na minyi, bakuje hapa! Nao bamesha fika!”

Mama Laetitia akamfuata bila kungoja kuitwa. Kabange wengine wakamfuata yeye. Wakasimama pale, wamekasirika kweli, na ukutani wakabaki Banza na Ilunga peke yao.

Talitha alikuwa ameacha kusoma.

“Célestin, rudia.”

“Sitatembea!”

“Njo ile,” akasema. “Papa Célestin, njo ile!” Akamnyang'anya Basile penseli, akapiga magoti, akaandika juu ya goti lake. Makundi si mawili, ni matatu. Wanaotangulia, kushoto. Wanaofuata, kulia. Wanaolingana na pivo, na pivo mwenyewe akiwa kati yao, wanabaki. Kushoto kutapangwa tena, kulia kutapangwa tena. Waliobaki hawaitwi tena, kwa sababu mahali pao wameshafika.

Akatupanga upya kuanzia mwanzo. Safari hii kila kundi liligawanyika, likapungua, likakwisha, na mwisho kwaya nzima ilisimama kwa alfabeti toka ukutani mpaka kwenye pampu. Nkambo Kyabu na mjukuu wake walikuwa bega kwa bega, wameshikana mikono, hakuna aliyemsukuma mwingine. Basile akauliza kama sasa tunaruhusiwa kuimba. Tuliimba vibaya sana siku ile, kwa kucheka.

Ijumaa nilifunga kibanda, nikabeba kompyuta mwenyewe mpaka darasani. Pseudo-code ilikuwa bado ubaoni, hakuna aliyeifuta. Wenye namba walipita mmoja mmoja. Namba za Assistant hazikuwa na mapacha, kwa hiyo zilijipanga bila taabu, na kila mmoja akapewa saini yake. Talitha aliitwa karibu na mwisho. Nilikuwa nimekaa nyuma, na mikono yangu ilikuwa imelowa kuliko shati la Célestin.

“Bado unapanga bantu?” Assistant akauliza.

“Bado.”

“Ulibadilisha nini?”

Badala ya kujibu akaenda ubaoni, akachukua chaki. Kati ya mstari wa kushoto na mstari wa kulia palikuwa na nafasi nyembamba. Akaandika humo kwa herufi ndogo: wenye kuwa sawa na pivo, wabaki. Assistant akausoma. Akavuta kompyuta upande wake, akafuta majina yote, akaandika lake: Nyembo. Akaliandika tena, na tena, Nyembo mpaka kioo kikajaa. Nilitambua anachofanya. Anatafuta ile feni ivume. Akabonyeza, na Nyembo wote wakatoka papo hapo, hakuna aliyepungua. Akajaribu orodha isiyo na jina hata moja. Mashine ikamrudishia orodha isiyo na jina hata moja, bila kulalamika.

“Hm,” akasema. “Tia chorale yako.”

Kwaya ikaingia, kwaya ikatoka. Assistant akahesabu walioingia, akahesabu waliotoka, na hesabu ilikuwa moja. Akashika kalamu. Nikaanza kupumua. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

“Programme iko bien,” akasema. “Vraiment, iko bien. Lakini nilikuambia juu ya ile doublon. Kyabu Monga Albertine, halafu Kyabu Monga Albertine. Liste chafu siwezi kuisaini. Ondosha moya, nisaini, tumalize.”

Darasa zima likamgeukia Talitha. Kitu kidogo namna ile! Kubonyeza mara moja tu, na diploma ni yake, na jembe la shangazi linabaki Kabondo-Dianda. Nakiri moyo wangu ulisema: ondoa, mtoto wangu, nani atajua?

“Sitaondosha muntu,” Talitha akasema.

“Mademoiselle Kabange…”

“Sitaondosha muntu, Assistant. Uniandikie zéro kama unataka. Lakini kwanza uite hii jina.”

Akaenda mlangoni, akaufungua, akaita kwa ile sauti ya kwanza inayofika mpaka mwisho wa kanisa:

“Kyabu Monga Albertine!”

“Niko!” zikajibu sauti mbili kutoka nje, moja ya mikwaruzo, moja nyororo.

Kumbe Talitha alikuwa amewaomba waje wangoje nje. Wakaingia. Bibi mbele, amevaa kitenge cha kwaya kana kwamba ni Pasaka, mjukuu nyuma yake na kitenge kile kile. Bibi akatembea taratibu mpaka mbele ya meza, akamtazama Assistant toka miwani mpaka viatu.

“Njo weye ulisema minyi niko muntu moya na huyu mutoto?” akauliza. “Magoti inaniuma minyi peke yangu.”

Hata wenye namba waliangua kicheko. Assistant alikuwa ameshasimama, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyosimama mbele ya mzee, na akasukuma kiti chake mwenyewe upande wa bibi.

“Pardon, mama. Pardon. Mukae, mukae.”

Nkambo Kyabu akakitazama kiti, akamtazama Talitha, akaitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa Assistant.

“Saini kwanza,” akasema. “Tutakaa nyuma ya saini.”

Assistant akainama, akasaini akiwa amesimama, kwa kuwa kiti hakikuwa chake tena. Talitha akanyoosha shingo kuangalia karatasi. Assistant alikuwa ameandika Kabange, basi.

“Tia jina yote, Assistant.”

Akaongeza Ngoy. Akaongeza Talitha. Talitha akasoma polepole, herufi kwa herufi, akaichukua karatasi yake. Ndipo Kyabu Monga Albertine wakakaa, wote wawili, kwenye kiti kimoja.